Manowari Zilizofanana Kama Pasi

Baada ya miaka kumi na miwili ya kuandika mabango ya maduka, mama mmoja alipata kazi ya kuchora maumbo meusi ya manowari kwenye kete za kadibodi, za mchezo wa vita vya baharini unaochezwa mezani. Kila kete ilikuwa ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Alifuata picha za meli halisi kwa rula, na usahihi wake ulimvimbisha kichwa, mpaka alipompangia shangazi yake kete mbili.

"Haya, Shangazi, ipi kubwa?"

"Mwanangu, mimi naona pasi mbili."

"Pasi! Hii ina mabomba mawili ya moshi, ile moja!"

"Yamebanana kama watu chini ya mwavuli mmoja. Nitayajuaje?"

Mama alinuna, lakini penye ukweli hapana ubishi. Akayatenganisha mabomba kwa upana wa uzi, ingawa alijua anaisaliti picha. Shangazi akazitambua papo hapo, tena bila miwani.

Kesho yake, baada ya kupelekewa kete hizo, mtengenezaji wa mchezo alipiga simu. "Dada, mabomba haya hayakukaa hivi kwenye picha."

"Najua. Lakini umezichanganya?"

Mtengenezaji akaangua kicheko. "Hata! Nimezijua kwa kutupa jicho tu. Zichore zote hivyo hivyo."

Mama akakimbilia sebuleni. "Shangazi, umepata kazi! Manowari sitini na nne zinakungoja uzitambue."

"Chai kwanza," akajibu shangazi, akivuta kiti mezani.