Makohozi ya Bibi

Leo asubuhi, hapa maabara ninapofanya kazi mjini Morogoro, mama mmoja kanikabidhi kikopo cha makohozi kwa mikono miwili, kakifuta vizuri kwa khanga yake. Nimekiinua kwenye mwanga: mate meupe, safi kabisa. Nikamwambia bila kupepesa macho aende akakohoe upya. Mate ya namna ile, rafiki yangu, nayajua tangu utotoni, kijijini Kinole.

Bibi aliyenilea alikuwa anakohoa. Zahanati wakampa kikopo, akoholee humo alfajiri, wapime kama ni kifua kikuu. Sasa Bibi na adabu zake! Ampelekee mtu wa watu uchafu? Akasukutua mara tatu, maji nikimmiminia mimi mwenyewe, ndipo akatema. Nikashuka nacho mlimani nimekishika kama yai, nikipita nyua zilizoanikwa mdalasini, nikiangalia nisije nikajikwaa.

Mpimaji alipaka tone kwenye kioo, akakipitisha juu ya moto, akakimwagia rangi nyekundu, akasuuza, akainamia hadubini. Nilisubiri mpaka miguu ikafa ganzi.

"Humu naona mate matupu," akasema. "Kamwambie bibi yako akohoe kwa nguvu, atoe ule uchafu wa kifuani."

Jamani! Mtoto wa miaka kumi, nimwambie mtu mzima atoe uchafu? Njia nzima nilijaribu maneno, kila neno likawa tusi. Nilipofika nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza, "Wamesemaje, mjukuu wangu?"

"Wamesema huna kitu, Bibi."

Alifurahi huyo, akanikaangia ndizi. Hazikushuka.

Masika yote niliishi na kile kikohozi. Akikohoa naogopa, akinyamaza naogopa zaidi. Siku alipotema damu nililia, nikasema yote.

"Kumbe!" akasema. "Si ungeniambia tu, mama."

Kikopo cha pili kilikutwa na vijidudu. Dawa zilimponya, ila pafu moja lilikuwa limeshaharibika, na shambani kwake juu mlimani hakupanda tena. Mdalasini wake ukamezwa na magugu, shamba likauzwa. Siku hizi kazini hata vile vioo na moto tunavigusa kwa nadra, mashine inapima yenyewe. Bibi naye hayupo.

Hakunilaumu hata mara moja. Kila nikimkumbuka alivyokaa barazani akiutazama mlima asioweza kuupanda, natamani angenichapa.