Piga Magoti

Wanaosema dawa ya mtoto mkaidi ni fimbo, mimi huwauliza: imemponya nani? Nimefundisha sekondari hapa Bariadi miaka mingi. Wakaidi niliowaona wakichapwa walibaki na ukaidi wao, wakaongeza chuki.

Kulikuwa na binti mmoja wa kidato cha nne. Ukimwamuru mbele ya wenzake, alikutazama usoni akasema, "Sifanyi." Walimu walimchukia. Mimi nilikwenda kwao, nikaelewa. Aliishi na bibi yake asiyeona vizuri, na boma zima lilimtegemea yeye aamue: siku ya kupanda pamba, ng'ombe wa kuuza, wadogo zake wale nini. Mtu anayeamka akiwa mkuu wa kaya hafiki shuleni saa moja akageuka mtoto mchanga.

Basi nikabadili njia. Nilimwinamia mezani pake, nikampa kwa sauti ya chini mambo mawili achague: "Unaanza na hesabu au na mchoro?" Kisha nilimwacha, nikaenda kwa wengine. Nikirudi, kazi imefanyika. Sifa nilimpa pembeni, maana mbele za watu angezikataa. Ile "sifanyi" ikaanza kupotea, na katika hesabu akalipita darasa zima. Ulibaki muhula mmoja tu afanye mtihani wa taifa.

Jumatatu moja alichelewa. Mwalimu wa nidhamu akamtoa mbele ya shule nzima mstarini.

"Piga magoti!"

"Sipigi."

Nilimsogelea mwalimu, nikamnong'oneza amwite ofisini.

"Wewe na semina zako za malezi!" akajibu kwa sauti ili wote wasikie. "Mtoto habembelezwi."

Msukuma mwenzangu yule, aliyekulia zizini! Ng'ombe akizuia maziwa humpigi. Unamwachia ndama anyonye kwanza, unampapasa, unasubiri. Hayo aliyajua tangu utotoni. Nadhani subira yake yote iliishia kwa ng'ombe.

Akaagiza mlezi aje. Kesho yake asubuhi bibi alifika mstarini, ameshikwa mkono na jirani. Aliambiwa kosa. Alishuka polepole, akapiga magoti vumbini mbele ya mwalimu ambaye kwa umri ni kama mwanawe.

"Umsamehe, baba. Kosa ni langu."

Mwalimu hakumwinua. Binti ndiye aliyetoka kwenye mstari, akamwinua bibi yake, akampangusa vumbi magotini, wakaondoka.

Nilimfuata binti nyumbani mara kadhaa kumsihi arudi.

"Wewe mwalimu sina neno na wewe," aliniambia huku akichambua pamba. "Ila pale walipompigisha bibi magoti, sirudi."

Siku ya mtihani alikuwa shambani, anapanda.

Mwalimu wa nidhamu hujisifu mpaka leo kwamba hakuna tena mwanafunzi anayemjibu. Ni kweli. Nami siku hizi nikiuliza swali darasani, vichwa vyote huinama. Hakuna anayenyoosha mkono, hata wanaojua jibu.