Breki za Mteremko wa Boniato

Zenaida Portuondo alidondoshea cherehani yake mafuta, pua ikamwambia habari mbaya. Spiriti. Mafuta ya cherehani hayanuki spiriti. Yanayonuka ni mafuta ya breki, ambayo huyachanganya mwenyewe jikoni kwa spiriti na mafuta ya mbarika, akayahifadhi kwenye chupa ya ramu. Na chupa zote za nyumba ile ni za ramu.

Asubuhi alikuwa amelala chini ya gari la mumewe, la Kimarekani la mwaka 1951, akiziba breki ya gurudumu la mbele iliyokuwa ikivuja mafuta, kwa raba aliyoikata kwa mkono. Kisha akajaza breki upya, mbiombio, bila kunusa. Basi breki zilipata mafuta ya cherehani, nayo huvimbisha raba polepole. Kwa saa kadhaa mambo huwa shwari, halafu raba huachia. Na Arsenio, mumewe, kutwa hubeba abiria kati ya Santiago na vilima vya Boniato, barabara ya kona kali na korongo kando.

Alimpigia. Simu yake ikalia mezani, kando ya sufuria ya maharage. Mwanamume yule kusahau simu ndiyo kazi yake.

Akamkimbilia Eldis, jirani mwenye pikipiki.

"Nipeleke Boniato. Ukikawia naendesha mwenyewe."

"Shangazi, vaa viatu kwanza."

"Washa!"

Njia nzima alitazama kila gari lililoshuka, akiogopa kuliona lao, akiogopa zaidi kuona watu wamekusanyika ukingoni.

Walimkuta kituoni kileleni, abiria sita ndani, injini inanguruma, tayari kushuka.

"Zima gari, Arsenio."

"Mke wangu, wivu umekuleta mpaka huku?" Abiria wakacheka.

"Zima. Breki zimetiwa mafuta ya chupa siyo."

"Breki nilizozitengeneza kwa mikono yangu? Hebu tazama." Akakanyaga. Pedeli ikashika. Akakanyaga tena kwa mbwembwe, kwa nguvu zote, na mguu ukazama mpaka chini. Mafuta yakamwagika chini ya gurudumu la mbele.

Bibi mmoja alishuka na kuku wake, wengine wakamfuata, wakatazama mteremko.

Miaka kumi na moja kituo kizima kilimjua Arsenio kwa ufundi wake. Zenaida aliacha iwe hivyo, kwa ajili ya amani ya nyumba.

Arsenio alizima injini. "Nisameheni, jamani," aliwaambia abiria. "Nimekosea chupa."

Zenaida alisogea kwa hasira mpaka dirishani kwake.

"Na hili nalo unataka kuniibia?" alimwuliza mbele ya watu wote. "Nimekosea mimi. Gari hili natengeneza mimi."

Kisha akamwambia alete jeki.