Muanze na Maji Yangu

Mwaka Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walipofukuzwa Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga, nilikuwa muuguzi kijana katika kituo cha afya cha Dilala. Familia zilizotolewa kwenye nyumba za kampuni ya migodi zilijaa stesheni, zikilala chini ya maturubai majuma kwa majuma, zikingoja treni ya kwenda Kasai. Kuhara kukaingia. Watoto ndio walioanza kufa.

Daktari wetu alishuku maji. Alinituma na daftari niandike jina la kila familia na kuchukua maji kidogo kutoka madumu yao. Hakuna aliyenifungulia hata dumu moja. Daftari walilijua: majuma machache nyuma vijana waliowafukuza walipita nyumba kwa nyumba wakiandika majina, kisha wakarudi na marungu. Na mimi lafudhi yangu ilikuwa ya kaskazini mwa Katanga, kama ya wale vijana.

Mama mmoja akasimama mbele yangu. Alikuwa amefundisha shule ya msingi hapo Dilala tangu mimi sijazaliwa.

"Mutoto wangu, haya majina munaandika juu ya nini?"

"Ya uchunguzi, mama. Docteur anataka kujua bugonjwa inatoka wapi."

"Na akisha kujua, siye tutajua? Ao treni itatubeba na bugonjwa yetu, yeye abakie na majibu?"

Nilirudi nikamweleza daktari neno kwa neno. Alivua koti lake jeupe, tukaenda wote. Alikaa juu ya sanduku la yule mama akamsikiliza asubuhi nzima. Mama alitaka namba badala ya majina, na majibu yaletwe pale pale, kwa Kiswahili na Kiluba cha Kasai, kabla treni haijafika. Daktari akakubali. Ndipo mama akaliinua dumu lake mbele ya watu.

"Muanze na maji yangu."

Baadaye niliambiwa kwamba juzi yake alikuwa amemzika mjukuu.

Siku ya tatu tulirudi na majibu: tangi la stesheni, walimochota karibu wote, lilikuwa limeingia uchafu wa vyoo; bomba la parokia ya jirani lilikuwa salama. Mama aliwaeleza mwenyewe kwa Kiluba, polepole, akimrudishia swali kila aliyeitikia kwa kichwa bila kuelewa. Kufika mchana wanawake walikuwa wamepangana zamu za kuchota parokiani na za kuchemsha, na wanaume wanachimba vyoo upande wa pili wa reli. Nilibeba madumu pamoja nao, nikiona aibu na fahari kwa mpigo. Kabla juma halijaisha, vitanda vya kituo vilianza kubaki wazi.

Treni ilipokuja, yule mama alinishika mkono mlangoni mwa behewa.

"Ambia docteur aandike kwamba tulikubali siye wenyewe. Hatukushikwa kwa nguvu."

Daktari aliliandika hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti. Mimi ndiye niliyeipiga chapa. Kama yule mama alifika Kasai salama, sikupata kujua.