Muntu mwenye kushika kamba

Harufu ya matofali yenye kuchomwa inanishika kwenye roho. Siku hizi moshi wake uko kila upande wa Lubumbashi, kwani kila muntu anajenga, hata pale tulipokuwa tunalima. Nitawaambia ninyi munaosoma. Nyumbani sijamwambia muntu.

Nilikuwa na miaka saba. Kampuni ya shaba ilikuwa imefunga milango, na mujomba wangu alirudi nyumbani bila kazi, mukali kama pilipili. Bukari, ugali wetu wa mara moja kwa siku, ilitoka kwenye shamba la nkambo, mama ya mama yangu, nyuma ya mutaa wa Katuba, pale nyumba zilipoishia. Nkambo alililima tangu mujomba angali tumboni. Hakuwa na karatasi. "Karatasi yangu ni mahindi," alisema, na kucheka mupaka machozi.

Lakini muji ulikuwa unakuja. Bantu balikimbia vita huko vijijini, na kila kiangazi nyumba zilisogea karibu. Shamba lisilo na muntu liliuzwa upesi. Kwa hiyo, nkambo akienda sokoni, aliniacha pale niwashe moto, moshi uonekane.

Miye nilikuwa mutoto wa haya. Mukubwa akinisalimu, niliangalia vidole vya miguu yangu.

Siku moja bakaja banaume batatu na kamba ndefu yenye mafundo. Nilibaletea kiti na maji, vile nkambo alinifundisha kupokea bageni.

"Eh, kamama! Njo mwenye shamba weye?" mumoja akauliza. Benzake bakacheka.

Nikaangalia vidole vya miguu.

"Uyu iko bubu?"

"Apana, iko na heshima. Kuya, mama, shika hii kamba. Usiiachilie, eh?"

Niliishika kwa mikono miwili. Ilinivuta kama mbuzi mwenye kukataa njia, lakini sikuiachilia. Bakapanda vijiti katikati ya mahindi, bakanisifu, bakanipa biskuti. Nusu nilimuwekea nkambo.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kwetu, udongo ukipimwa, mwenye kushika ncha ya pili ya kamba ni shahidi wa mwenye shamba. Kushika ni kukubali udongo uende.

Nkambo alipoona vijiti, nilimueleza yote. Alikaa chini kwenye mututa, biskuti mukononi, bila kuila.

Juma lililofuata tulienda kwa chefu wa mutaa. Bale banaume balikuwa bamefika mbele yetu.

"Nani wa kwabo alishika kamba?" chefu akauliza.

"Muntu wa kwabo mwenyewe, chefu. Tena kwa roho muzuri."

Mujomba akaruka juu. "Nani? Mumutaje! Leo leo namuvunja mikono!"

Nilikuwa nimejificha kwenye kitenge cha nkambo.

"Ikala chini, mwanangu," nkambo akasema. "Ni miye nilishika."

Banaume bakaangaliana. Habakubisha; ilibafaa. Chefu akaandika kwamba shamba ni la bale banaume.

Njiani nilifikiri uzee umeanza kumuharibu kichwa. "Nkambo, haikuwa weye. Ilikuwa miye."

Akanibana mukono. "Nyamaza, mama. Jua ni kali."

Mahindi yaling'olewa yangali na maziwa. Mujomba hakusema naye tena. Mvua zilipokwisha, nkambo alipanda juu ya kamyo, lori ya makala ya kupikia, iliyokuwa inarudi tupu kijijini Lukafu, akaenda kwa mudogo wake na jembe moja na furushi moja la nguo. Huko alikufa. Mujomba hakwenda kumuzika.

Sasa niko na miaka kumi na saba, na juzi nilimusikia jirani akieleza kesi ya udongo wake: kamba yenye kushikwa na mutoto haihesabiwi, hakuna chefu anayeikubali. Nilibaki na ndoo mukononi, maji yanamwagika kwenye miguu. Nkambo aliijua ile sheria mbele ya kuzaliwa kwangu. Alikuwa na neno moja tu la kuliokoa shamba lake, na lile neno ni miye. Akaangalia mikono ya mujomba, akalimeza.

Mujomba amezeeka. Jana alinawa, akaketi, akasema vile anavyosema kila mara njaa ikimushika: "Mama yangu alitupoteza kwa ujinga wake."

Nilifungua kinywa. Alinisogezea sahani. Nikamuongezea mboga.