Msusi aliyezusha habari za umeme

"Umeme ni wa pasi, dada, si wa mtoto!"

"Nani kakwambia namtia mwanangu umeme?"

"Mtaa mzima unajua. Kaulize kwa msusi!"

Saa sita mchana, muuza mkaa na mama wa binti wa miaka sita wanarushiana maneno bombani. Hatua kumi kutoka hapo, msusi ameinamia kichwa cha mteja kana kwamba kapoteza sindano humo.

Wanamwita Redio. Kwa miaka kumi na minane amesukia barazani kwake, vichwa vitatu kwa siku. "Mteja akikaa saa nne nzima, utamlisha nini? Maneno," anasema.

Hili nalo alilianzisha yeye. Alipita dirishani kwa mama huyo, jirani yake, akaona waya umebanwa kwenye sikio la binti, ambaye ana usonji. "Niliona waya tu. Umeme nikauongeza mwenyewe," anakiri, macho chini. "Kufika jioni, kwa maneno ya watu, mtoto alikuwa anarushwa juu na kiti chake."

Kwa aibu, mama akakirudisha kliniki kifaa hicho cha sikioni. Wiki ya tatu sasa hajakanyaga huko.

Ukweli Redio aliupata juzi, kwa muuguzi wa kliniki hiyo aliyekuja kusukwa. Kile ni kibanio kinachopitisha mkondo hafifu sana, kuuamsha mshipa wa fahamu uitwao vagasi, unaotoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni. Wataalamu bado wanachunguza kama kinawasaidia watoto wa namna hii kutulia.

"Hakuna aliyemwahidi mama yule muujiza," muuguzi alimwambia. "Aliomba kujaribu tu. Asiporudi Ijumaa, nafasi anapewa mtoto mwingine."

Jana Redio alikwenda kliniki akaomba abanwe yeye sikio. "Kama sisimizi anatembea, basi. Nikatamani ardhi inimeze. Mtoto wa watu ana sisimizi, mimi nikamtwika radi."

Bombani, mama anajitwika ndoo. Redio anamwacha mteja na nusu ya kichwa, anamfuata hadi mlangoni kwake.

"Shoga yangu, maneno yale niliyazua mimi."

Muuza mkaa anaguna kwa nyuma. "Makubwa! Leo Redio inajitangaza yenyewe."

Mama anatua ndoo. "Unajua nimekuwa nikipita uchochoroni kama mwizi? Nikitoka na mwanangu, namfunika kanga."

"Sina uso, dada."

"Huna kweli."

Redio anafikicha vidole vyenye mafuta ya nywele. Anaomba Ijumaa waende kliniki wote watatu, mchana kweupe, wakipitia barazani kwake. Atakayeuliza, yeye ndiye atakayemjibu. Muuguzi kamwambia nywele za binti huziba sikio, kibanio kikateleza. "Nitamsuka upande huo. Mstari mmoja kwa siku. Akikataa, naacha."

"Akiguswa kichwa hulia mpaka mtaa wa pili."

"Wacha asikike. Watasema mimi ndiye namuua, nami nimezoea kusema, nizoee na kusemwa."

Mama anacheka kabla hajajizuia. Ndani, binti yuko mkekani, anapanga vifuniko vya chupa kwa rangi. Hageuki.

"Na kichwa changu je?" mteja anapaza sauti kutoka barazani.

"Njoo nacho, chakula kipo!" mama anamjibu. Kisha anamtazama Redio, aliyeganda kizingitini na kitana mkononi.

"Na wewe. Vua viatu, uingie ule."