Makau na Kinu cha Marumaru

Makau Muthoka aliondoka Kitui mwaka wa 1959 pamoja na mkewe Syovata, wakapata shamba upande wa Kikoneni, pwani. Msimu wa kwanza nguruwe mwitu waliingia wakala mahindi hata yasibaki ya mbegu. Hapo ndipo Makau alipotafuta kibarua katika kiwanda cha kusaga marumaru kilichokuwa kimejengwa nyuma ya Msambweni.

Mawe meupe yalichimbwa kilimani, yakaletwa kwa lori, yakapondwapondwa hadi yakawa kokoto. Kisha kokoto zilimiminwa ndani ya kinu. Kinu chenyewe kilikuwa pipa la chuma refu kama nyumba, limelazwa ubavu, nusu yake imejaa gololi za chuma zilizolingana na machungwa. Pipa lilipozunguka, gololi zilipanda na kuporomoka juu ya kokoto, mchana kutwa, na feni kubwa ikavuta vumbi jepesi na kuliacha zito lirudi kusagwa upya. Kilichotoka mwisho kilikuwa laini kuliko unga wa muhogo. Wafanyakazi waliujaribu unga huo wa mawe kwa meno: ukitia kidogo mdomoni na ukahisi chembe ya mchanga, unga haujaiva. Ukiiva ulitiwa katika magunia ya karatasi, ukapelekwa Mombasa kutengenezea rangi za nyumba.

Mwenzake wa zamu alikuwa Kenga wa Karisa, Mgiriama aliyehamia Kikoneni na mkewe Kahaso. Kenga alikuwa mtu wa maneno mengi, ila mbele ya kinu maneno hayakumfaa mtu. Watu walisemezana kwa mikono. Jioni walirudi nyumbani weupe nyusi na kope, na masikio ya Makau yakivuma njia nzima.

Mwanzoni mvumo ule ulimtoka alipolala. Baadaye ukawa unaamka naye.

Siku ya Uhuru, mwezi wa Desemba mwaka wa 1963, watu walijazana mbele ya duka la Chome kusikiliza redio. Makau alisimama karibu kabisa, bega lake likigusa kaunta. Aliona watu wakinyamaza, akaona mzee mmoja akijifuta macho kwa ncha ya shuka. Kisha vinywa vyote vikafunguka kwa pamoja na mikono ikaenda juu. Yeye pia akainua mikono. Hakuwa amesikia neno hata moja.

Kenga alimtazama. Njiani alimshika mkono, akamgeuza wakaonana uso kwa uso.

"Ndugu yangu, wewe husikii."

Makau alisoma midomo ile, akainamisha kichwa.

"Wakijua wataniondoa," alisema, kwa sauti kubwa asiyoijua ukubwa wake. "Nina watoto."

"Basi mimi nitakuwa masikio yako," alisema Kenga.

Ikawa hivyo. Kila kinu kilipotaka kuwashwa, nyapara, aliyeitwa Waziri, aligonga kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa mnyororo, watu wote wajitenge na mashine. Kenga akisikia mlio ule alimgusa Makau begani, nao wakarudi nyuma pamoja. Mwaka ukapita, na nusu ya mwaka wa pili, wala hakuna aliyetambua.

Kisha ikaja asubuhi moja ya mwaka wa 1965. Kinu kilikuwa kimezimwa kiongezwe gololi mpya. Makau aliinama chini ya mkanda mkubwa uliozungusha pipa, akizoa unga uliomwagika. Kenga aliitwa upande wa pili kusaidia kupanga magunia. Waziri akagonga reli. Kila mtu akajitenga, naye Makau akaendelea kuzoa.

Kenga aliona mgongo wa mwenzake pale chini. Alipiga kelele, akakumbuka kuwa kelele hazina maana, akatupa gunia akakimbia. Alimsukuma Makau kwa mikono miwili, Makau akaanguka mbali. Mkanda ulikuwa umeanza kwenda, ukakamata mkono wa kuume wa Kenga kwa mkono wa shati.

Makau alipoinuka aliona damu juu ya unga mweupe, na Kenga amefungua kinywa. Hakusikia kilio chake. Jambo hilo lilimwuma maisha yake yote: kwamba mtu alilia namna ile kwa ajili yake, naye hakukisikia kilio.

Hospitalini walimkata Kenga mkono juu ya kiwiko. Makau alimwendea Waziri, akamwambia, "Sisikii. Sijasikia tangu kabla ya Uhuru." Akavua aproni yake, akaiweka chini, hakurudi tena.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, Makau alifika shambani kwa Kenga alfajiri na jembe begani, akalima. Kenga alimkaribisha uji. Kahaso hakumkaribisha. Siku ya kwanza alisimama mbele yake akamwambia, neno kwa neno, ayasome midomoni mwake:

"Baba Nzembi, jembe lako halimrudishii mume wangu mkono."

"Najua, shemeji," Makau alijibu.

Baada ya hapo, kila alipotaka kumwambia jambo, Kahaso alilisema huku amegeukia ukuta. Makau aliona bega lake tu. Hakulalamika. Alilima shamba la Kenga kwanza, ndipo akalima lake, msimu baada ya msimu, Syovata akimfuata na mbegu.

Msimu wa nne, mvua zikanyesha na Makau hakutokea. Siku zikapita. Kenga alitaka kwenda kumtazama, Kahaso akamwambia akae. Akajitwika kikapu, akaenda mwenyewe. Alimkuta Makau amelala mkekani, homa imemkausha midomo, na Syovata amechoka kwa kumkanda maji. Makau alipomwona alijaribu kuinuka.

"Shamba lenu, shemeji," alisema. "Sijalima."

Kahaso alipiga magoti, akamlaza tena. Akasubiri macho yake yatulie usoni mwake, kisha akasema pole pole, "Lala, baba. Nimekuja kukuangalia hali."

Alitoka nje akachukua jembe la Makau, akalima shamba la mgonjwa hadi jua likawa kali. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa.

Tangu hapo mashamba yale mawili yalilimwa na nyumba zote mbili pamoja. Kenga alijifunza kupanda kwa mkono wa kushoto. Jioni alipenda kuketi na Makau uani, wakitazamana ili mazungumzo yaende.

Siku moja binti wa mwisho wa Makau, Kavumbi, aliyezaliwa mwaka ule wa ajali, alipita akiimba na ndoo kichwani. Makau aliangalia midomo yake hadi alipopotea nyuma ya jiko.

"Kenga," alisema, "huyu mtoto sauti yake ikoje?"

Kenga alitega sikio kwa wimbo uliotoka nyuma ya jiko.

"Ni nyembamba," alisema, akiviringa kila neno kwa midomo. "Ina mkwaruzo kidogo mwishoni, kama ya mama yake. Na akiimba, huanza juu mno, halafu hushuka akicheka."

Makau aliyasoma maneno yale yote. Kisha akamwomba ayarudie.